Mitungi Mingapi kwa Samaki Mmoja?

Vitabu vingi vya samaki wa mapambo vinatoa jibu kabla hujamaliza kuuliza: badilisha robo ya maji kila wiki. Aliyeandika hivyo alikuwa na mfereji jikoni, na mpira wa maji unaofika sebuleni. Mfugaji wa Gatwekera au Laini Saba, kule Kibera, hana mfereji huo. Maji yake yako kioskini, yanauzwa kwa mtungi wa lita 20, na yeye ndiye atakayeubeba kichochoroni au amlipe mwenye mkokoteni. Kawangware nako, kuanzia Gatina hadi Congo, nyumba nyingi za kupanga zina mfereji mmoja uani kwa wapangaji wote, tena wa siku chache kwa wiki, kwa sababu jiji zima linaishi kwa mgao. Mtungi unaouzwa shilingi 5 siku za neema huweza kufika 20 na kupita mifereji ikikauka. Robo ya tangi, kwa mtu huyu, ni hesabu ya pesa na ya mgongo.

Hata hivyo samaki wakubwa wanafugwa huku. Wako kwenye vinyozi, ndani ya tangi la kioo linalomshughulisha mtoto akinyolewa. Wako kwenye vyumba vya futi kumi kwa kumi, wakipakana na kitanda. Oska wa Amazoni, samaki wa dhahabu aliyenunuliwa akiwa mdogo kama kidole, koi, na kambare ambaye hakuna aliyekusudia amfanye pambo. Wanaowafuga wengi ni vijana, na wanawapenda. Wengi wa samaki hao hufa kabla ya wakati wao, na mara nyingi sababu ni maji: machache mno kwa miezi, kisha mengi mno kwa siku moja.

Ninachotaka kusema katika sura hii ni kwamba asilimia ni kipimo kibaya. Maji ya kubadilisha yapimwe kwa chakula unachotia, na ukishayapima hivyo utajua samaki wa ukubwa gani anakaa nyumbani kwako na yupi hakai.

Tuanze na kinachotokea kila unapotupa chakula ndani ya tangi. Samaki hula protini, anajenga mwili kwa sehemu yake, na iliyobaki anaitoa kama amonia, hasa kupitia matamvua. Kwa kawaida, gramu 10 za chakula cha vidonge chenye protini asilimia 35 huzaa takriban gramu 0.32 za naitrojeni ya amonia. Amonia ni sumu. Ndani ya filta wamo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Kazi hiyo ya bakteria ilielezwa na Sergei Winogradsky kwenye miaka ya 1890, akichunguza udongo. Filta nzuri inaishia hapo. Nitrati haiendi popote. Inajaa siku baada ya siku mpaka uitoe pamoja na maji.

Wako walioamini kwamba mimea itaimaliza. Mwaka 1850, mkemia wa London aitwaye Robert Warington alieleza jinsi alivyoweka samaki wadogo wa dhahabu, majani ya majini na konokono katika chombo kimoja, wakaishi bila maji kubadilishwa kila mara. Jaribio lake lilikuwa la kweli, na miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma. Lakini samaki wake walikuwa wadogo na chakula kilikuwa haba. Oska mmoja wa nusu kilo hung'oa mimea yote ndani ya usiku mmoja, kisha akajisaidia juu yake.

Sasa hesabu. Gramu 0.32 za naitrojeni zikigeuka nitrati zote, zinakuwa gramu 1.4 hivi. Kwa siku saba ni gramu 10. Ukitaka nitrati isipande juu ya miligramu 50 kwa kila lita, kiwango ambacho wafugaji wengi wanakiona kuwa ndio mwisho wa usalama kwa samaki wazima, gramu hizo 10 zinahitaji lita 200 kuzibeba nje. Yaani chakula cha gramu 10 kwa siku kinadai mitungi kumi kwa wiki. Gawanya kwa kumi, na hapo unapata kanuni ninayoiamini kuliko asilimia yoyote: gramu moja ya chakula kwa siku, mtungi mmoja wa maji mapya kwa wiki.

Angalia kwamba ukubwa wa tangi haumo katika hesabu hiyo. Wengi hudhani tangi kubwa linapunguza kazi ya maji. Halipunguzi. Tangi la lita 200 na tangi la lita 600 lenye samaki walewale na chakula kilekile yanadai mitungi ileile kwa wiki. Tofauti ni kwamba katika tangi la 200 mitungi kumi ni maji yote, na katika la 600 ni theluthi tu, kwa hiyo samaki hashtuki. Tangi kubwa linanunua usalama na muda wa kusahau. Maji halinunui.

Kanuni hii ina ukali wake kwa sababu inadhani nitrati yote inabaki majini. Ukiwa na mimea inayokua vizuri, au mashina ya mti wa pesa yaliyoning'inizwa mizizi ikiwa majini, utasamehewa kiasi. Kwa upande mwingine, vidonge vyenye protini nyingi zaidi vinadai zaidi. Na omena, chakula ambacho mfugaji wa Kibera anakipata kwa urahisi kuliko vidonge, ikikauka ina protini zaidi ya nusu ya uzito wake. Gramu moja ya omena kavu kwa siku inadai mtungi mmoja na nusu au zaidi kwa wiki. Pima mara moja: nunua gramu mia, hesabu ni vijiko vingapi, na tangu hapo kijiko chako ndicho mizani yako.

Sasa utaona kwa nini ukubwa wa samaki ndio mambo yote. Samaki akiongezeka urefu mara mbili, uzito wake huongezeka kama mara nane. Yule wa sentimita 8 uliyemnunua akifika sentimita 32 amezidi uzito mara 64. Samaki mkubwa hula sehemu ndogo ya uzito wake kuliko mtoto, asilimia moja kwa siku ikimtosha, lakini kilo moja ya samaki bado ni gramu 10. Mitungi kumi kila wiki. Kwa shilingi 5 ni shilingi 50, na mtu anaweza kuzimudu. Kwa shilingi 20 ni 200, wiki baada ya wiki, na hapo samaki amekuwa mpangaji.

Na kuna jambo zito zaidi ya shilingi. Shirika la Afya Duniani huhesabu lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini kabisa cha kupata maji. Kilo moja ya oska inatumia kwa wiki maji ya mtu mmoja kwa siku kumi. Katika ua ambamo majirani wanapanga foleni alfajiri, hilo ni jambo la kufikiri kabla ya kununua samaki, si baada. Simwambii kijana wa Kawangware asifuge. Namwambia afuge wa gramu mia tano badala ya kilo mbili, na ajue maji yake yaliyotumika yatakwenda wapi, jambo nitakalolifikia.

Je, ubadilishe kidogo kidogo kila siku au kwa mkupuo? Kama maji unayanunua, mkupuo una faida. Katika tangi la lita 200, ukibadilisha mtungi mmoja kwa siku tano, umetumia lita 100 na umeondoa asilimia 41 ya uchafu, kwa sababu kila siku unamwaga pia sehemu ya maji mapya ya jana. Ukibadilisha lita hizo 100 kwa siku moja, umeondoa nusu kamili. Kwa hiyo mfugaji mwenye maji ya kununua abadilishe mara chache na kwa wingi, kwa sharti moja: maji mapya yafanane na yale ya zamani. Sharti hilo ndilo linaloua samaki Nairobi, na hapa lazima tuchelewe.

Maji ya mfereji wa Nairobi yanatoka zaidi milimani Aberdare: bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, ndilo linaloleta sehemu kubwa, likisaidiwa na Sasumua na Ruiru. Ni maji ya mvua na misitu, laini, yenye madini machache. Maji ya visima virefu vya jiji ni mengine kabisa. Yamepita katika miamba ya volkano, yana bikaboneti nyingi na pH ya juu, na mara nyingi floridi imezidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa kwa maji ya kunywa. Mwuza maji wa kioski anaweza kukuuzia ya mfereji Jumatatu na ya kisima Alhamisi, na mtungi ukawa uleule.

Bakteria wa filta hula ile bikaboneti wanapofanya kazi. Katika maji laini ya Ndakaini inaisha haraka, na usipobadilisha maji kwa wiki kadhaa, pH inashuka kutoka 7 na kitu hadi 6 na chini yake. Bakteria wanalegea. Amonia inaanza kujaa, lakini samaki bado anaogelea, kwa sababu katika pH 6 amonia karibu yote iko katika umbo lisilo na sumu kali. Kwa nyuzi 25, sehemu yenye sumu ni chini ya moja kwa elfu. Katika pH 7 inakuwa zaidi kidogo ya nusu asilimia. Katika pH 8 ni zaidi ya asilimia 5.

Hapo mwenye samaki anaona tangi limechafuka, anaona haya, anachukua mkokoteni na mitungi sita ya maji ya kisima, na kuyamwaga yote kwa mpigo. pH inapanda hadi 8 ndani ya dakika. Amonia ileile iliyokuwa imelala inaamka ikiwa na sumu karibu mara mia. Jioni samaki wamelala ubavu, na jirani anasema maji mengi yamewaua. Kumbe wamekufa kwa sababu ya miezi ile ambayo hawakubadilishiwa, na maji mapya yalikuja kufunua tu.

Kwa tangi lililoachwa muda mrefu, basi, sahau kila nilichosema kuhusu mkupuo. Acha kulisha. Badilisha moja ya kumi kwa siku, siku saba au nane mfululizo, ndipo uingie ratiba ya kawaida. Na ili pH isikushukie tena, tia kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya soda kwa kila lita 100 za maji mapya ya mfereji. Nazungumzia ile ya kuokea keki, isiyochanganywa na kitu kingine. Magadi ya kulainishia maharagwe yasiingie tangini, kwa maana floridi yake huwa nyingi na kiasi chake hakijulikani. Chupa ndogo ya kupimia pH, au vipande vya karatasi, ni matumizi mazuri ya pesa kuliko filta ya pili. Pima maji ya kila mwuzaji kabla ya kuyaamini. Pima amonia pia, kwa sababu mabomba ya plastiki yanayopita kwenye mitaro ya Kibera hupasuka na kunyonya maji taka shinikizo likishuka. Ndiyo maana shirika la SHOFCO, lililoanzishwa Kibera na Kennedy Odede, liliamua kuyapitisha mabomba yake ya maji juu hewani.

Klorini ni adui wa pili. Kiasi kinachomlinda mtoto na kipindupindu, sehemu chache za kumi za miligramu kwa lita, kinaunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wa filta. Maji ya mfereji yakae usiku kucha katika pipa lililo wazi, pampu ya hewa ikipuliza ndani yake, au yatiwe thaiosalfeti inayouzwa na wauza samaki. Maji ambayo mama ameyatibu kwa dawa ya kunywa usiyaguse kabisa. Na mtungi wa samaki uwe wa samaki tu. Mingi ya mitungi hii ilizaliwa ikiwa ya mafuta ya kupikia, na mingine imepitia sabuni.

Kisha baridi. Mwezi Julai maji yaliyolala nje Kawangware yanaweza kuwa nyuzi 15 au 16 alfajiri. Ukichanganya nusu kwa nusu na tangi la nyuzi 26, unamshusha oska hadi 21 kwa dakika kumi, na madoadoa meupe yatamtokea wiki hiyohiyo. Dawa ni sufuria. Maji huchemka Nairobi kwenye nyuzi 94 hivi, kwa sababu ya mwinuko, na mtungi wa lita 20 ukitoa lita mbili na nusu za maji baridi na kutia lita mbili na nusu za yanayochemka, utafika karibu nyuzi 26. Tia mkono ndani ya mtungi, kisha ndani ya tangi. Usipohisi tofauti, mwaga polepole.

Mwinuko huo una tozo nyingine. Kwenye mita 1,700 na kitu juu ya bahari, maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko Mombasa kwa joto lilelile. Samaki mkubwa anahisi upungufu huo kwanza, kisha bakteria. Stima ikipotea kwa saa nyingi, filta iliyofungwa huoza ndani. Isuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi kabla ya kuiwasha tena, na usiisuuze kamwe chini ya mfereji.

Ndiyo sababu napendekeza, kwa chumba kisicho na hita na chenye stima ya kubahatisha, samaki wa dhahabu kuliko oska. Baridi ya Nairobi inampendeza. Nyuzi 18 hadi 22 ni nyumbani kwake, na katika baridi hiyo hula kidogo, maana yake mitungi michache. Koi pia hupenda hali hiyo, lakini hufika sentimita 60 na mahali pake ni bwawa. Kambare ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo huishi katika maji ambayo yangemwua oska mara mbili. Uvumilivu wake usitumiwe kama ruhusa. Kambare mwenye ndevu zilizokatika na vidonda mdomoni anakuambia kwamba hajafa tu.

Ikija wiki ya mgao mkali, chombo chako cha kwanza ni kufunga mkebe wa chakula. Samaki mzima, mwenye afya, wa sentimita 20 na zaidi, anakaa wiki nzima bila kula na hapati madhara. Kila gramu ya siku usiyotia kwa wiki nzima ni mtungi usiohitaji kuutafuta. Watu wengi hufanya kinyume: maji yamekosekana, wanamwonea samaki huruma, wanamwongezea chakula.

Wakati wa mvua za Machi hadi Mei paa lako ni kisima. Mita kumi za mraba za mabati zikipokea milimita 10 za mvua zinakupa lita 100. Yaache maji ya mwanzo yaoshe masizi na vumbi. Changanya yaliyobaki na ya mfereji, usiyatumie peke yake, kwa kuwa hayana bikaboneti hata kidogo, na mabati huachia zinki ambayo samaki haipendi, hasa katika maji laini.

Na yale machafu? Mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, shirika la Solidarités lilisaidia familia nyingi za Kibera kupanda sukuma wiki na mchicha ndani ya magunia ya udongo, na kilimo cha gunia kingali kinaonekana milangoni. Nitrati inayomchosha samaki ndiyo mbolea ya sukuma. Gunia moja hunywa lita kadhaa kwa siku za jua, na mitungi ya wiki nzima ya tangi lako inaweza kutunza magunia ya nyumba nne au tano, ambazo zingetumia maji ya kununua. Mpe jirani wa foleni maji hayo. Usimpe tu wiki uliyotia chumvi au dawa ya ugonjwa tangini, na mwambie aoshe majani kabla ya kupika.

Anza kunyonya kutoka chini, kwenye kinyesi, mpira ukiwa umejazwa maji kwanza ili usiuvute kwa mdomo. Andika ukutani tarehe, mitungi, na gramu za chakula kwa siku. Baada ya miezi michache safu ya gramu itakuwa imepanda, kwa sababu samaki amekua. Mitungi isipopanda pamoja nayo, ni wakati wa kumtafutia mtu mwenye bwawa, Karen au Kikuyu, wakati samaki bado ana afya ya kusafirishwa. Bwawa la Nairobi liko hatua chache kutoka Kibera, na lisiwe jibu kamwe: maji yake yamejaa taka na magugu, na kinachoponea humo hutokea kwenye mto Ngong, kisha mto Nairobi, kisha Athi.